Watoto wa Mama Aliyesinzia

Ninaandika kwa kidole kimoja kwenye simu, nimekaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, mlango wazi ili nipate jua. Ningependa kusimama na kusema kwa mdomo kama wenzangu wanavyotoa ushuhuda kanisani, lakini ulimi wangu umekuwa mzito na sauti inapitia puani. Nikianza sentensi ndefu, watu wanaanza kutazama viatu vyao. Kwa hiyo someni. Jina langu ni Elieneza, wengi wananiita Eli. Nina ugonjwa ambao sikuwahi kulisikia jina lake mpaka ulipokuwa umeshanila sana. Bado ninao na nitazeeka nao, Mungu akinipa uzee. Lakini siku uliyotaka kuniua haukuniua. Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa peke yake mahali fulani, akidhani ugonjwa wake ni uvivu, au ni kiburi, au ni ulevi, kwa sababu ndivyo watu wanavyomwambia.

Kijiji chetu kiko juu, Upare ya Kusini. Gari linateremka Same asubuhi na kurudi jioni, na mvua ikizidi halirudi. Tunalima tangawizi, maharage na mahindi kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama anashika kichwa. Tunamwagilia kwa ndiva, yaani bwawa dogo walilolijenga babu zetu kwa mawe na udongo. Linajaa maji ya mfereji usiku kucha, asubuhi linazibuliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Mfereji ukibomoka au ndiva ikijaa tope, tunaitana kwenye msaragambo. Kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetokea anajieleza.

Msaragambo kwetu unaitwa kwa pembe. Simu zipo, lakini simu mtu anaweza kuizima akasingizia chaji. Pembe haina chaji. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga pembe. Nilipanda kwenye jiwe lililo juu ya ndiva, nikavuta pumzi, nikapuliza, na sauti ikateremka bondeni mpaka ng'ambo ya pili. Kisha nikasimama kuwatazama watu wakitoka majumbani na majembe begani, mwalimu, mzee wa kanisa, mwenye duka, wote. Sikuwa na mali wala cheo, lakini nikipuliza, wenye mali na vyeo walitoka. Nililipenda jambo hilo, sifichi.

Ugonjwa ulianzia hapo, mdomoni. Asubuhi moja nilipuliza, pembe ikatoa sauti ya mtu anayepenga kamasi. Nikapuliza tena. Midomo haikubana, hewa ilitorokea pembeni na mate yakafuata. Watu walichelewa siku ile, maji yakapotea bure. Mzee Kiure, mwenyekiti wetu wa ndiva, akaichukua pembe, akaigeuza juani, akaigongagonga, akasema imepata ufa. Wakateremka tambarare kwa Wamasai kutafuta pembe nyingine. Pembe mpya ilikuwa nzuri, ndefu, imejikunja vizuri. Nayo nilipoipuliza ikapenga kamasi. Wakasema ngozi iliyofungwa mdomoni ni mbovu, wakaibadilisha ngozi. Kijiji kizima kilihangaika na pembe msimu mzima, wala hakuna aliyefikiria kumkagua mpigaji. Hata mimi mwenyewe sikufikiria.

Mwishowe walimpa kijana mwingine akajaribu. Mlio ukatoka safi. Nikamkabidhi pembe mbele ya watu, nikarudi kwenye mstari wa wenye majembe.

Kisha ikaja mikono. Milimani kwetu asubuhi ni baridi, na baridi iliufanya mkono wangu mgumu. Nilishika mpini wa jembe vizuri, lakini nikitaka kuuachia vidole vilikataa. Nilikaa nikivitazama vikifunguka kimoja kimoja, taratibu, utadhani si vyangu. Nikimsalimia mtu kwa mkono, simwachii. Watu wakapata la kucheka. "Mpare halisi huyu! Akishika haachii." Mnajua tunavyotaniwa sisi kwa ubahili. Nilicheka nao, yaani nilidhani nacheka, kumbe uso wangu ulikuwa umetulia tu kama wa mtu aliye msibani.

Hilo la uso ndilo lililoniumiza kuliko yote. Misuli ya uso ilikuwa inakufa polepole bila maumivu. Kope ziliteremka, mashavu yakaingia ndani, upara ukapanda mapema. Sikujua, kwa sababu mtu hajitazami anapocheka. Nilifurahi ndani, nje hakuna kilichotokea. Watu wakaanza kuniuliza, "Eli, nani kakuudhi?" Baadaye hawakuuliza tena. Nilisikia wakisema nimenuna tangu niliponyang'anywa pembe. Nikawa pia nasinzia mchana, kwenye kikao, kwenye ibada, nimekaa na kijiko mkononi. Nikiongea maneno yananata. Basi wakamalizia kwamba nakunywa, mimi ambaye nikipewa hata togwa nauliza imelala siku ngapi.

Nilikuwa na mke, Nakijwa. Tuliishi vizuri. Hatukupata mtoto, na watu walimtazama yeye, kama kawaida yao. Jioni moja aliniletea chai, akakaa mbele yangu, akasema, "Elieneza, mimi sijui kama leo umefurahi au umekasirika. Nakuuliza chai ina sukari ya kutosha, unaniangalia kama hakimu. Nimechoka kubahatisha." Nilimwambia nimefurahi. Akautazama uso wangu kwa muda mrefu, akitafuta, akasema, "Wapi?" Mwaka ule ule alirudi kwao Lembeni. Na siku ile ya chai, jamani, nilikuwa nimefurahi kweli.

Baada ya hapo nilibaki na nyumba. Nilikuwa nafungua mlango asubuhi na kuufunga jioni, na katikati yake wakati mwingine sikutamka neno lolote. Nikienda shamba nilijikwaa sana, kwa sababu vidole vya miguu vilikuwa havinyanyuki, nyayo zinapiga chini pa, pa. Nikianguka nilikaa pale pale kwanza, nikitafakari kama kuna haja ya kuinuka. Choo kilikuwa shida, kinafunga siku nyingi na tumbo linajaa gesi. Makande yalinikaba kooni. Fikirieni, Mpare anakabwa na makande.

Nilipata msaada kwa njia ya macho. Nilianza kuona ukungu, na taa za pikipiki zilinichoma. Madaktari wa macho walikuja Same, nikateremka. Daktari aliyenipima alikuwa kijana, mpole. Akasema, "Una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lakini mzee, wewe si mzee. Mbona mapema hivi? Nyumbani kuna mwingine?"

Nikamwambia mama yetu naye aliona ukungu kabla ya nywele zake kuota mvi. Tukaagana, akanipa mkono. Nikaushika. Ukabaki hapo. Nikasubiri acheke, maana wote walikuwa wanacheka. Hakucheka. Alikaa tena, mkono wake ungali ndani ya wangu, akangoja mpaka vidole vikaachia vyenyewe. Kisha akagonga kwa kidole chake nyama iliyo chini ya dole gumba langu. Dole likajikunja ndani, likakaa, likarudi polepole sana.

"Mama yako alikuwa anasinzia?" akauliza.

Nilishtuka. Mama yetu alisinzia. Ndivyo alivyojulikana. Alisinzia akichambua maharage, alisinzia kanisani, na sisi tuliitwa watoto wa mama aliyesinzia. Kope zake ziliteremka kama zangu. Watu walisema ni sura ya ukoo wake, na sisi tukaikubali sura hiyo kama mtu anavyokubali kuwa mfupi. Alifariki akiwa amekaa jikoni, sufuria motoni. Tulidhani amesinzia tena. Makande yalikuwa yameungua ndipo dada yangu alipomgusa.

Yule daktari akaniandikia rufaa kwenda Moshi. Huko nilimkuta daktari wa kike, mtu mzima, mwenye sauti ya kukata maneno. Walinipima damu, misuli, pumzi, na moyo kwa zile nyaya za kubandika kifuani. Akanikalisha, akasema, "Una ugonjwa wa misuli unaoitwa mayotoniki distrofi. Misuli inakaza, inachelewa kulegea, na mwaka hadi mwaka inadhoofika. Hukurogwa, wala si pombe, wala si uvivu. Umezaliwa nao."

Nikamuuliza dawa yake.

"Ya kuuondoa hakuna," akasema. "Sitakudanganya. Lakini huu ugonjwa una milango yake ya kuulia, nasi tunaijua. Moyo, pumzi, chakula kupita njia isiyo yake, na chumba cha upasuaji. Milango hiyo tunaweza kuilinda. Sikiliza hili vizuri. Usikubali kulazwa nusu kaputi, usingizi ule wa upasuaji, popote bila kuwaambia ugonjwa wako. Dawa zile kwa watu kama wewe zinaweza kuzima pumzi, mtu asiamke. Na wewe una ndugu?"

"Dada mmoja. Mama mmoja."

"Basi naye apimwe. Mtoto wa mwenye ugonjwa huu anaupata au anaukosa, nusu kwa nusu."

Nikauliza pia kuhusu watoto, kwa nini hatukupata. Akasema kwa wanaume hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa. Alilisema polepole. Machozi yalinitoka, uso wangu ukiwa umetulia vile vile, naye alinipa kitambaa bila kuniuliza kama nalia.

Nikiwa stendi ya Moshi nikampigia simu Nakijwa. Alikuwa ameshaolewa na mtu mwingine huko Lembeni, na ana mtoto. Nikamweleza kwamba ulikuwa ugonjwa, uso na uzazi, vyote. Akasema, "Kumbe." Kisha, "Pole sana, Eli." Tukaagana. Sijampigia tena, si vizuri.

Moyo ulikuwa umeonekana una hitilafu, nikapangiwa tarehe ya kurudi. Tarehe haikufika. Nilikuwa nachimba tangawizi mchana, dunia ikawa nyeusi kuanzia pembeni, nikalala kifudifudi kwenye tuta. Aliyenikuta ni Mzee Kiure. Nilisikia sauti yake kwa mbali, "Elieneza, mapema yote hii?" Alidhani nimelewa. Kisha akanigeuza, akaona midomo yangu, akabadilisha sauti. Jambo la pili nililosikia ni pembe. Ilipulizwa kwa nguvu, ikarudiwa, ikarudiwa tena, saa ambayo si ya msaragambo. Walitoka kwa ajili yangu. Wakanifunga kwenye machela, wakateremka nami wakipokezana mabega mpaka barabara ya gari, wale wale walioniita mlevi. Mmoja wao alikuwa analia, na mpaka leo sijui ni nani, kwa sababu nililala nikitazama angani.

Same wakanipa huduma ya kwanza, Moshi wakanituliza, nikapelekwa Dar es Salaam. Huko niliwekewa betri ya moyo. Waliikaza chini ya ngozi, kando ya mfupa wa bega la kushoto, kwa ganzi tu, nikiwa macho, nikisikia wakiongea mambo ya mpira. Inaonekana, imetuna kama kiberiti. Moyo wangu ukizembea, inausukuma. Daktari wa Dar aliniambia, "Mama yako huenda alihitaji hii." Niliitikia kwa kichwa.

Nilirudi nyumbani mzima kuliko nilivyoondoka. Kijiji kikanijia, ndizi, mayai, maziwa, maombi. Baadaye kikapungua. Siwalaumu. Mgonjwa anayepona anafurahisha, na anayekufa anazikwa, lakini mimi sikufanya lolote kati ya hayo, nikabaki tu kwenye kiti changu na uso ule ule. Mtu akinitembelea anazungumza na ukuta.

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuhitaji kunibahatisha, naye ni dada yangu Namkunda. Mama alipofariki nilikuwa bado mdogo, ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane, anauza tangawizi sokoni Same, na alikuwa na binti mmoja, Rehema. Maneno yangu yalivyozidi kunata, wengine walisema "enhe, enhe" bila kuelewa. Yeye alielewa kila neno, hata kwenye simu, na alinijua nimefurahi kwa kunisikia ninavyopumua. Nilipopata nguvu baada ya Dar, nilienda kwake kumpelekea habari ya Moshi. Nikamwangalia alivyokaa, kope zimeteremka, mkono umeganda kwenye mpini wa kisu, nikajua kabla sijasema. Nadhani naye alijua.

"Dada, ni ule wa mama," nikamwambia. "Daktari amesema na wewe upimwe."

Akaweka kisu chini. "Eli, nakuomba. Rehema ameposwa."

Mnajua desturi yetu. Posa haipokelewi wala kutolewa hivi hivi. Watu wanatumwa kimya kimya kuuliza: ukoo huu una kifafa? Una ukoma? Una kichaa? Wanauliza kwa majirani, sokoni, kwenye mfereji. Kijana alitoka familia nzuri ya Ugweno, watu wa kahawa, na shangazi yake alikuwa mwanamke makini ambaye hakukosa la kuuliza.

"Wakikuona ulivyo," Namkunda akasema, "watauliza. Na wakiuliza, binti yangu atabaki nyumbani. Ngoja harusi ipite. Nitapimwa, naapa. Lakini mpaka hapo, mdogo wangu, usije hapa mjini. Hata simu, punguza."

Alinikumbatia wakati ananiambia hivyo, kwa nguvu, akanifungia na mzigo wa samaki wakavu wa Ziwa Jipe. Alikuwa ananipenda na alikuwa ananiomba nisionekane. Nikapanda mlimani na samaki wangu. Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko ugonjwa wote. Nilikuwa nikiongea na redio. Nilijizoeza kusema majina ya watu kwa sauti, nisije nikayasahau mdomoni. Usiku nilijiuliza betri inausukuma moyo huu uende wapi.

Kisha Rehema akapiga simu. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mama amelazwa. Ana uvimbe kwenye kizazi, ametoka damu nyingi. Kesho wanamfanyia upasuaji hapa Same. Amesema usisumbuke kuja, nimekuambia tu."

Nikamuuliza ni nusu kaputi? Hakunielewa. Nikarudia. Akasema, "Enhe, mjomba, asante, tutamwombea." Nikampigia Namkunda, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe kwa kidole hiki hiki: Dada waambie, utakufa. Haukujibiwa. Nikatafuta namba ya hospitali. Aliyepokea alisikiliza kidogo, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, kapumzike kwanza, pombe ikikutoka upige." Nikakaa pale na simu mkononi. Vidole vilikuwa vimeganda na sikuweza hata kuikata.

Asubuhi nikateremka na gari. Kutoka stendi nilitembea kwa fimbo, nikaanguka mara moja kwenye kokoto, nikainuliwa na muuza maji. Nikamkuta Namkunda wodini, amevaa gauni la upasuaji, sindano ya maji mkononi. Na kando ya kitanda walikaa wakwe watarajiwa. Shangazi wa kijana na dada zake wawili walikuja kumpa pole, na chupa ya uji, kama inavyotakiwa. Namkunda aliponiona alifumba macho.

Nikawasalimia. "Shikamoo shangazi." Akaitikia, huku akinitazama kuanzia usoni mpaka miguuni, makini, hatua kwa hatua, kama mtu anayekagua nguo dukani.

Muuguzi akaingia na maswali ya mwisho kabla ya kumchukua. Umekula? Una aleji? Una meno ya bandia? Kisha, "Kwenye familia kuna mtu mwenye ugonjwa wa moyo, wa misuli, au aliyepata shida na dawa ya usingizi?"

Namkunda akasema, "Hakuna."

Nikasema, "Upo."

Muuguzi akageuka. Nikaeleza yote, mama, moyo, misuli, nusu kaputi, kwa nguvu zangu zote, na kadiri nilivyojitahidi ndivyo maneno yalivyozidi kugeuka uji. Mate yakanitoka. Nikatoa simu niandike, vidole vikagoma. Dada za kijana walitazamana. Muuguzi akaniambia taratibu nikae chini, hakuwa mtu mbaya, kisha akamgeukia Namkunda.

"Mama, huyu anasema nini?"

Hapo wote wakamtazama yeye. Katika chumba kile kizima hakuna aliyenielewa isipokuwa dada yangu. Angeweza kusema, "Ananiombea." Angeweza kusema, "Amechanganyikiwa, ni mgonjwa, mtoeni nje." Ingeaminika. Sikuwa na njia ya kumpinga, na alijua hivyo. Nilimtazama tu, na uso wangu haukuwa na uwezo hata wa kumsihi.

Akavuta shuka. Akasema, akimwangalia shangazi wa kijana, wala si muuguzi, "Anasema mama yetu alikufa kwa ugonjwa wa misuli na moyo. Yeye anao. Anasema na mimi ninao, na nikilazwa nusu kaputi nitakufa." Kisha akasema, "Ni kweli."

Muuguzi akaweka kalamu mfukoni, akatoka mbio kumwita daktari.

Upasuaji haukufanyika siku ile. Alipelekwa Moshi kwa yule daktari wangu wa kukata maneno, na kipimo cha moyo kikaonyesha njia ile ile ya mama. Walimfanyia huko huko, kwa ganzi ya mgongoni, mtaalamu wa usingizi na daktari wa moyo wote wakiwa karibu, na baadaye akalala chini ya uangalizi wakihesabu pumzi zake. Daktari aliniita pembeni. "Kama wangemlaza bila kujua," akasema, "sina uhakika kama wangemwamsha." Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia, peke yangu, kwa raha zangu.

Basi, kwa wewe unayesoma ukiwa na mkono usioachia, au mama anayesinzia, au macho yaliyoingia ukungu ungali kijana. Usikubali kuambiwa ni sura ya ukoo. Nenda ukapimwe, na kipimo cha moyo usikose kila mwaka, hata ukijisikia mzima, kwa sababu moyo huu hauumi kabla ya kusimama. Kula umekaa wima, lainisha chakula, usione haya. Mimi makande nayaponda siku hizi, na nimewasamehe wanaonicheka. Ukipelekwa kupasuliwa, sema. Kama ulimi hausemi, mtafute anayekuelewa aseme, na umtafute mapema, usingoje uwe wodini kama mimi. Nawashukuru madaktari wote, na yule kijana wa macho kwanza, aliyeungojea mkono wangu uachie bila kuucheka. Nawashukuru walionibeba. Mungu namshukuru pia, ingawa nina maswali ya kumuuliza.

Nisiwadanganye kwamba upweke umekwisha. Mlango huu nimeufungua asubuhi na hakuna aliyepita. Dada yangu anaishi mjini, naye sasa amewekewa betri ya moyo kama mimi, ananipigia kila jioni, na simu ikikatika nyumba inarudi kuwa kimya.

Shangazi wa kijana siku ile alifunga chupa ya uji, akasema, "Mungu awasaidie," akaondoka na wenzake. Baada ya muda mshenga alikuja na maneno mazuri, na posa ikaishia hapo. Rehema alikwenda kupima, moyo wake ni mzima kwa sasa. Habari hiyo niliipata kwa mama yake. Kwangu Rehema alisema jambo moja tu, siku mama yake alipotoka hospitali. "Mjomba, ungeweza kumwambia daktari nje." Labda ningeweza, kama ningekuwa na ulimi. Tangu hapo hanisalimii. Nikipiga simu kwa dada akapokea yeye, anaiweka chini na kuita, "Mama!" na ninamsikia mama yake akiitika kutoka jikoni, "Naam, nakuja."